Kufuli la Kujitungia: Kwa Nini Mwandishi wa Programu Asibuni Mwenyewe Njia ya Kuhifadhi Nywila



Mara nyingi polisi wanapozungumza nanyi juu ya wizi wa pesa za simu, nasaha huelekezwa kwa mwenye simu: usimtajie mtu namba yako ya siri, usiiandike kwenye karatasi iliyo ndani ya kava la simu, usimpe wakala simu akubonyezee. Nasaha hizo ni za kweli na zinabaki palepale. Hata hivyo, zinamhusu mtu mmoja tu kati ya wawili wanaohusika na siri hiyo. Wa pili ni yule aliyetengeneza programu ambayo wewe unaiandikia namba yako. Mwananchi anaweza kuitunza namba yake kama mboni ya jicho, kisha ikaibwa mahali asipopaona, kwa sababu aliyeandika programu aliihifadhi vibaya.

Makala haya yanajibu swali moja: je, inafaa mwandishi wa programu abuni mwenyewe njia ya kusimba siri na kuhifadhi nywila za watu? Jibu letu ni kwamba haifai. Atumie njia zilizokwisha kubuniwa, zikatangazwa hadharani, na zikashambuliwa na wataalamu kwa miaka mingi bila kuvunjika. Tunazieleza sababu za jibu hilo kwa kuwa kijana atakayeandika programu ya kikundi chenu pengine ni mtoto wenu, na watakaoamua kuipokea au kuikataa ni ninyi.

Jambo hili linatuhusu vipi

Lobule imo katika wilaya ya Koboko, wilaya inayopakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini. Hapa wenyeji na wakimbizi waliotoka Kongo wanalima jirani kwa jirani na kukutana katika masoko yaleyale. Mfanyabiashara anayekwenda Ariwara au Oraba hapendi kubeba noti njiani; mzazi hutuma karo kwa simu; vikundi vya kuweka na kukopa hukusanya akiba kila wiki. Huko Arua, ambayo ni jiji tangu mwaka 2020, kuna Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanza mwaka 2013 na kinachofundisha elimu ya kompyuta. Vijana wanaojua kuandika programu wapo kati yetu, na hilo ni jambo la kujivunia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi cha wanachama 30 kinamwomba kijana mmoja akitengenezee programu ya kuandika akiba na mikopo. Kila mwanachama anachagua namba yake ya siri, na kwa kuwa namba nyingi ni mzigo kuzikumbuka, wengi wanachagua ileile wanayoitumia kwa pesa za simu. Kijana, kwa nia njema, anazificha namba hizo kwa kanuni aliyoitunga mwenyewe: kila tarakimu anaiongezea 7, anaiacha tarakimu ya mwisho ya jibu, kisha anaiandika namba nzima kinyumenyume. Namba 1234 inageuka 1098. Mtu anayeitazama hawezi kuitambua, na kijana anaridhika kwamba kazi imekwisha.

Sasa mwizi ananakili faili la programu hiyo. Hahitaji elimu kubwa. Akijiunga na kikundi, akachagua namba 1234 na kuona imeandikwa 1098, kwa dakika chache ataigundua kanuni yote. Tangu hapo anazo namba za siri za watu 30, na kila atakayemwibia simu, ana njia ya kuingia katika pesa zake. Wanachama hawakumtajia mtu siri zao. Wameibiwa kupitia mlango ambao hawakujua kuwa upo.

Kuna jambo zito kuliko pesa. Baadhi ya jirani zetu walivuka mpaka wakikimbia watu waliotaka kuwadhuru. Orodha ya majina, namba za simu na mahali wanapoishi, ikiwa imehifadhiwa ovyo katika kompyuta ya chama au ya shirika dogo, yaweza kumfikia yule waliyemkimbia. Pesa iliyoibwa hutafutwa tena. Siri ya mahali mtu alipojificha ikishatoka, hairudi.

Wala tusidhani kwamba ukubwa wa kampuni ni ulinzi tosha. Mwezi Oktoba 2020, kampuni za simu za MTN na Airtel pamoja na Benki ya Stanbic zilitangaza kwa pamoja kwamba kampuni ya tatu iliyotoa huduma ya kuunganisha benki na pesa za simu ilikuwa imepatwa na tukio katika mfumo wake, na miamala kati ya benki na simu ikasimamishwa kwa muda. Tukio hilo linaonyesha kuwa pesa ya mwananchi hupita katika mikono mingi, na mnyororo hukatika penye pete dhaifu. Programu ndogo ya kijijini nayo ni pete mojawapo.

Kisanduku chenye makufuli matatu

Wengi wenu mnakijua kisanduku cha chuma cha kikundi cha akiba. Kina makufuli matatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu tofauti. Kinapofunguliwa, kikundi chote kimeketi na kutazama. Hakuna anayeficha namna kisanduku kinavyofanya kazi: kila mtu anajua kina makufuli mangapi, kinalala nyumba gani na kinafunguliwa siku gani. Usalama wake haumo katika kuficha umbo la kisanduku. Umo katika funguo.

Kanuni hiyohiyo ndiyo msingi wa elimu ya kusimba siri. Mwaka 1883, Auguste Kerckhoffs, mwalimu aliyefanya kazi Ufaransa, aliandika kwamba njia ya kuficha ujumbe wa kijeshi isihitaji kuwa siri. Iwe imara hata kama imeangukia mikononi mwa adui, maadamu ufunguo umebaki salama. Alikuwa na sababu. Njia ya kusimba hutumiwa na watu wengi kwa miaka mingi, hivyo siku moja itajulikana tu. Ufunguo, kwa upande wake, ni kitu kidogo kinachoweza kubadilishwa kwa dakika moja.

Mwandishi wa programu anayejitungia kanuni yake mara nyingi hutegemea kinyume cha hayo. Anaamini kwamba siri iko salama kwa sababu hakuna anayejua alivyofanya. Lakini programu hunakiliwa, hufunguliwa na kusomwa na wajuzi; waliofanya kazi pamoja hugombana na kuachana; kompyuta huuzwa zikiwa na mafaili ndani yake. Siku kanuni ikijulikana, hakuna ufunguo wa kubadilisha, na kila kilichofichwa kwa kanuni hiyo kimefunuliwa kwa mpigo.

Mfano wa Mombasa, mwaka 1942

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo, Waingereza walihamishia Mombasa ofisi yao ya kusikiliza na kufumbua ujumbe wa Wajapani. Wafanyakazi wake walikaa katika majengo ya Shule ya Allidina Visram, yenye jina la mfanyabiashara ambaye maduka yake yalifika mpaka Uganda. Katika historia ya vita, kituo hicho kinajulikana kwa jina la Kilindini.

Meli za biashara za Japani zilikuwa zikipelekeana habari kwa njia ya siri inayojulikana kwa jina la JN-40. Njia hiyo ilikuwa na hatua mbili: kwanza maandishi yaligeuzwa kuwa tarakimu kwa kutumia jedwali, kisha tarakimu hizo zilipangwa upya kwa safu. Ilikuwa kazi ya watu werevu, na kwa muda wataalamu waliifikiria kuwa ni aina nyingine kabisa ya msimbo. Mwezi Septemba 1942 Wajapani walifanya kosa moja katika kuitumia, na kosa hilo likawapa John MacInnes na Brian Townend, waliokuwa kituoni Mombasa, mwanzo wa uzi. Walipouvuta, kitambaa chote kikafumuka. Kufikia Novemba mwaka uleule, waliweza kusoma ujumbe wote uliokuwa umekusanywa na kila mpya ulioingia.

Yapo mafunzo mawili hapa. La kwanza ni kwamba waliobuni njia hiyo walikuwa dola lenye jeshi na wasomi wengi, na bado hawakuona ufa ambao watu wachache katika madarasa ya shule waliuona. La pili ni kwamba walioivunja hawakumpigia simu mwenye njia kumwambia. Meli ziliendelea kutuma habari zikiamini ziko salama. Ndivyo ilivyo hata leo: siri iliyofumbuliwa haitoi kishindo. Mwenye kufuli lililovunjwa kwa nyundo huliona asubuhi. Mwenye nywila zilizofumbuliwa hulala usingizi kwa miezi.

Mfano ulio mfukoni mwako

Mfano wa pili ni kadi ya laini ya simu. Ndani ya kadi hiyo mna ufunguo wa siri unaouthibitishia mtandao kwamba wewe ndiwe mwenye namba. Katika mitandao mingi ya mwanzo, kazi hiyo ilifanywa kwa kanuni iitwayo COMP128. Ilitungwa faraghani, na wataalamu wa nje hawakuonyeshwa ili waijaribu. Mwaka 1998, Marc Briceno, Ian Goldberg na David Wagner walionyesha kwamba mtu mwenye kadi mkononi angeweza kuiuliza maswali mengi, kuyalinganisha majibu, na kuutoa ufunguo wake. Akiwa na ufunguo huo angeweza kutengeneza kadi nyingine inayojidai kuwa ni ile ya kwanza.

Waliotunga kanuni hiyo hawakuwa wanafunzi. Walikuwa wahandisi wa sekta kubwa. Kilichowaangusha si uchache wa akili bali uchache wa macho. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Anayelipima kufuli lake mwenyewe hulijaribu kwa njia alizokwisha kuzifikiria, na hizo ndizo alizozizuia. Mwizi huja kwa njia ambayo mwenye kufuli hakuiwaza. Baada ya tukio hilo sekta ya simu ililazimika kuleta kanuni nyingine, na zile zilizofuata kwa simu za kizazi cha tatu zilitangazwa wazi ili zichunguzwe.

Kufuli jema hupatikanaje

Kidole kimoja hakivunji chawa. Elimu ya kusimba siri imejifunza, baada ya kuumia mara nyingi, kwamba kanuni nzuri huzaliwa katika mashindano ya wazi. Mwaka 1997 taasisi ya viwango ya Marekani iliwaalika wataalamu wa dunia nzima walete kanuni mpya ya kusimba. Zilikubaliwa 15 kuingia katika mashindano. Moja yao, iliyoitwa Magenta, ililetwa na kampuni ya simu ya Ujerumani. Ilipowasilishwa tu katika mkutano wa Agosti 1998, wataalamu waliokuwapo waliona nyufa zake. Kanuni nyingine zilichunguzwa kwa miaka. Zikabaki tano, na mwezi Oktoba 2000 ikachaguliwa ile ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Mwaka 2001 ilitangazwa kuwa kiwango rasmi kwa jina la AES. Leo inalinda benki, serikali na simu za watu wa kawaida, na kila herufi ya kanuni hiyo inaweza kusomwa na yeyote, mwizi pamoja na askari.

Ikiwa wahandisi wa kampuni kubwa ya Ujerumani walionyeshwa nyufa za kazi yao katika mkutano mmoja, kijana mmoja anayefanya kazi usiku kwa mwanga wa sola hana sababu ya kuona haya akiambiwa asijitungie yake. Hilo si dharau kwa akili yake. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo.

Nywila haifichwi, husagwa

Mpaka hapa tumezungumzia kusimba, yaani kuficha kitu ambacho baadaye kitafumbuliwa kwa ufunguo. Nywila na namba za siri zina kanuni tofauti, na hapa ndipo wengi hukosea. Programu iliyoandikwa vizuri haihifadhi nywila yako kabisa, wala kwa wazi wala kwa kufichwa.

Fikirini muhogo mkavu unaopelekwa kinuni. Ukisagwa unakuwa unga, na hakuna fundi awezaye kuurudisha unga huo kuwa kipande cha muhogo kilekile. Programu nzuri huifanyia nywila hivyohivyo: huipitisha katika kinu cha hesabu na kuhifadhi unga tu, ambao wataalamu huuita hashi. Siku nyingine ukirudi na kuandika nywila yako, programu huisaga tena na kuulinganisha unga mpya na ule wa zamani. Ikiwa zimelingana, unafunguliwa. Mwenye programu mwenyewe hawezi kuijua nywila yako, na mwizi akinakili faili hupata unga.

Lakini kinu chenyewe lazima kiwe na sifa mbili. Ya kwanza ni chumvi. Kabla ya kusagwa, kila nywila huongezewa herufi za kubahatisha zilizo tofauti kwa kila mtu, ili watu wawili wenye nywila moja wasiwe na unga unaofanana. Sifa ya pili ni upole wa kinu. Kinu cha kasi kinampendeza mwizi, maana anaweza kusaga nywila milioni nyingi za kubahatisha kwa sekunde moja na kuzilinganisha na alichoiba. Kinu cha polepole humchosha.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Mwaka 1979, Robert Morris na Ken Thompson wa Marekani waliandika juu ya kusaga nywila kwa makusudi polepole na kuzitia chumvi. Mwaka 1999 ilikuja kanuni iitwayo bcrypt, ambayo upole wake unaweza kuongezwa kadiri kompyuta zinavyopata kasi. Mwaka 2013 yalitangazwa mashindano mengine ya wazi, ya kuhifadhi nywila. Ziliingia kanuni 24, na mwaka 2015 ikashinda Argon2, iliyotoka Chuo Kikuu cha Luxembourg. Zote mbili zinapatikana bure, na mwandishi wa programu huziita kwa mistari michache tu.

Tazameni yaliyowapata walioziacha njia hizo. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani iliibiwa nywila milioni 32 zilizokuwa zimeandikwa wazi, kama majina katika daftari. Mwaka 2012 mtandao wa LinkedIn uliibiwa nywila zilizosagwa kwa kinu cha kasi bila chumvi. Zilizoonekana kwanza zilikuwa milioni 6.5, na mwaka 2016 ikajulikana kuwa zilizidi milioni 100. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe iliibiwa taarifa za akaunti zaidi ya milioni 150. Adobe haikusaga nywila. Ilizisimba kwa ufunguo mmoja, tena kwa namna ambayo nywila zinazofanana zilitoa maandishi yanayofanana, na kando yake yaliwekwa wazi maneno ya kumkumbusha mwenyewe nywila yake. Wachunguzi hawakuuhitaji ufunguo. Walitafuta tu maandishi yaliyojirudia zaidi, wakasoma maneno ya kukumbusha, wakajua kwamba karibu watu milioni 1.9 walikuwa wametumia nywila 123456.

Ona kwamba Adobe ilitumia kanuni ya kusimba iliyokuwa ikijulikana na kukubalika. Kosa lilikuwa katika kuiunga: ilitumika kwa kazi isiyoifaa. Kwa hiyo haitoshi mwandishi kusema, "Nimetumia kanuni maarufu." Atumie pia kifaa kilichoundwa kikamilifu kwa kazi ile, wala asichukue vipande na kuviunganisha kwa kubahatisha.

Namba fupi ina shida yake

Namba ya siri ya tarakimu nne ina njia 10,000 tu, tangu 0000 hadi 9999. Hata ikisagwa kwa kinu cha polepole kinachotumia nusu sekunde kwa kila namba, mwizi mwenye faili atazipitia zote kwa sekunde 5,000, yaani chini ya saa moja na nusu. Kwa hiyo programu inayotumia namba fupi lazima iwe na ulinzi mwingine: ijifunge baada ya majaribio machache yaliyokosewa, na unga wa namba hizo uchanganywe na ufunguo wa ziada unaotunzwa mahali pengine, mbali na faili la wanachama. Kikundi kinachoweza kutumia nywila ndefu zaidi kwa mweka hazina na katibu, ambao ndio wenye mamlaka ya kugusa fedha, kifanye hivyo.

Hoja za vijana wetu

Wapo vijana watakaosema: "Kanuni ikiwa wazi, na mwizi anaijua." Ni kweli anaijua, kama anavyojua kisanduku kina makufuli matatu. Kuijua hakumpi ufunguo.

Wengine watasema: "Kwa nini tutegemee vya wageni?" Hoja hii ina uzito, kwani watu wa mpakani wamezoea kuletewa vitu visivyoulizwa. Lakini kanuni iliyo wazi haina uraia. Mwanafunzi wa Arua ana haki sawa na wa Luxembourg ya kuisoma, kuijaribu na kuonyesha ufa wake. Akiuona, dunia itamsikiliza. Kinachomfunga mtu kwa mgeni ni kile asichoruhusiwa kukichungulia.

Wengine watauliza: "Basi tusijifunze kutunga?" Jifunzeni. Tungeni kanuni, zivunjeni, tungeni tena. Hakuna njia nyingine ya kupata wataalamu. Daftari la mazoezi ndilo mahali pake. Akiba ya mjane na orodha ya wakimbizi si daftari la mazoezi.

Tahadhari moja ni lazima tuitoe. Kutumia kifaa cha wengine hakumalizi kazi. Mwezi Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba wadukuzi walikuwa wameingia katika mitambo yake na kufikia taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwamo waliopotezana na jamaa zao kwa sababu ya vita na uhamaji. Walipitia programu iliyonunuliwa kwa watu wengine, ambayo ufa wake ulikwisha kujulikana na dawa yake kutolewa, lakini ilikuwa haijatiwa hapo. Kwa jamii kama ya Lobule, ambako watu wamewahi kutafuta ndugu kwa njia ya Msalaba Mwekundu, habari hiyo ina uchungu wake. Funzo lake ni hili: mwenye kutumia kufuli lililojaribiwa na wengi apokee pia marekebisho yake kila yanapotoka. Kikundi kinapomlipa mtu kuandika programu, kikubaliane naye pia ni nani ataitunza mwaka ujao.

Sheria inasemaje

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde kwa hatua zinazofaa, na taarifa zikivuja aiarifu mara moja mamlaka inayohusika, ambayo ni Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hiyo haihusu kampuni kubwa peke yake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 nayo inafanya kuwa kosa kuingia katika kompyuta au taarifa za mtu bila ruhusa, hata kama mlango ulikuwa dhaifu. Kijana anayeona ufa katika programu ya mwingine amwambie mwenyewe. Asiuingie ili kuonyesha ubingwa.

Maswali ya kumuuliza mwandishi wa programu

Kabla ya kikundi, shule, kanisa, msikiti au duka kupokea programu, viongozi wamuulize aliyeiandika maswali haya. Si lazima wawe wataalamu ili kuyaelewa majibu yake.

Kwanza: je, wewe mwenyewe unaweza kuziona nywila zetu? Jibu likiwa ndiyo, au programu ikiweza kumtumia mtu nywila yake ya zamani aliyoisahau, ujueni haikusagwa. Programu nzuri humpa mtu nafasi ya kuweka nywila mpya tu.

Pili: umetumia kanuni gani kuhifadhi nywila? Ataje jina linalojulikana, kama Argon2 au bcrypt. Akijibu kwamba ni yake mwenyewe na ni siri, msiipokee.

Tatu: mtu akikosea namba mara nyingi, programu hufanya nini?

Nne: nani atatia marekebisho, na nakala za akiba zinakaa wapi?

Tano: je, mnakusanya taarifa ambazo hamzihitaji? Kisichohifadhiwa hakiibwi. Kikundi cha akiba hakina haja ya kuandika mtu alitoka kijiji gani cha Kongo.

Ikiwa taarifa zimekwisha kuibwa

Badilisheni namba za siri mara moja, mkianza na za pesa za simu, na mwiarifu kampuni ya simu ili laini ifungwe kwa muda. Msifute chochote katika kompyuta wala kuitia programu upya, maana alama za mwizi zimo humo. Andikeni siku, saa na mlichokiona, mkatoe taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu. Kwa dharura pigeni 999 au 112 bila malipo. Mwenyekiti wa kijiji na viongozi wa wakimbizi waelezwe ili wawaonye wengine. Msimkamate wala kumpiga kijana aliyeandika programu kwa kudhani ndiye mwizi. Mara nyingi naye ameibiwa pamoja nanyi, na maelezo yake yatahitajika katika upelelezi.

Ndugu wananchi, tangu zamani kikundi kimeaminika kwa sababu kisanduku hufunguliwa mbele ya wote, na funguo haziko mkononi mwa mtu mmoja. Programu ya simu isiachiwe iwe chini ya kiwango hicho. Kijana anayesema, "Nimetumia njia inayojulikana, na yeyote anayejua kazi hii anaweza kuikagua," amewaheshimu kuliko yule anayeahidi siri ambayo ni yeye peke yake anayeijua.